Nipake Rangi Kabati la Marehemu Baba?

Shangazi, pokea salamu zangu kutoka Donholm. Natumai u mzima.

Mimi ni mama wa mtoto wa miaka miwili, na nina mimba ya miezi mitano. Mwezi wa Aprili mama yangu alihama nyumba yetu ya Buruburu akarudi Murang'a kupumzika, akaniachia samani zote za chumba chao cha kulala: kitanda cha nne kwa sita, kabati la nguo la milango miwili, meza ya kujipambia yenye kioo, na vimeza viwili vya kando ya kitanda. Baba alifariki miaka sita iliyopita. Kitanda kilipakwa rangi ya mafuta ya kijani kabla sijazaliwa, nami nina miaka 34. Vingine vyote mama husema ni mvule, vina vanishi iliyozeeka hadi ikawa nyeusi.

Chumba changu ni kidogo na hakina mwanga. Vitu hivi vilipoingia kikawa kama stoo. Nikaona kwenye simu watu wakipaka samani za zamani rangi nyeupe zikapendeza, nikajaribu kimeza kimoja kwa rangi ya maji iliyobaki tulipopaka kuta. Siku ya kwanza kilipendeza sana. Baada ya wiki moja yakajitokeza madoa ya rangi ya chai, na mtoto wangu alipokwangua kwa ukucha, rangi ikabanduka kipande kizima kama ganda la yai. Hata hivyo nilikuwa nimeshatuma picha kwenye kundi letu la familia la WhatsApp. Kaka yangu mkubwa aliye Eldoret akanipigia simu papo hapo: "Umeanza kumfuta baba?" Mama aliiona picha na hakusema kitu. Tukiongea ananiuliza habari za mtoto, za mimba, za bei ya unga. Kuhusu samani, kimya.

Sasa nimepata fundi anayetaka shilingi 18,000 kupulizia kila kitu rangi ya krimu, nusu nimpe Jumamosi. Ili kupunguza gharama nimeanza mwenyewe kupiga kitanda msasa huku roshani, mtoto akicheza karibu nami. Nataka pia kitanda kipanuliwe kiwe tano kwa sita. Droo za meza ya kioo zinakwama, na kabati linanuka vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Nyuma ya kabati kuna hesabu ya penseli, nadhani ya seremala: 150, 100, 100, 80, 120, halafu neno "kwisha" na mstari chini yake. Fundi anasema atapaka na nyuma pia, hataniongezea bei.

Shangazi, nina haki ya kupaka rangi vitu nilivyopewa? Na kama ninayo, nifanyeje visiharibike kama kile kimeza?

Mwenye Kabati, Donholm

*

Mwanangu, weka huo msasa chini leo hii. Mengine tutayazungumza polepole, lakini hili haliwezi kungoja hata kesho.

Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi, yaani yale madini mazito, ili zikauke upesi na ziwe na rangi kali. Kijani, manjano na nyekundu ndizo za kuogopwa zaidi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978. Huku kwetu kiwango kilikuja baadaye sana, na leo rangi inayouzwa Kenya haitakiwi kuzidi sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni. Kitanda chako kilipakwa kabla ya kiwango hicho cha kwetu. Siwezi kukiangalia kwa barua nikajua kilichomo, kwa hiyo tukichukulie kuwa kinayo. Rangi ile ikiwa imekaa shwari ubaoni haina neno. Ukiipiga msasa mkavu inakuwa vumbi, na vumbi hilo linaingia puani mwako, linatua sakafuni, linashika kwenye mikono ya mtoto wa miaka miwili ambaye kila kitu anakipeleka mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Sikuandikii haya ili nikutishe. Huenda umesugua kidogo tu. Mwombe mtu mwingine, mumeo au jirani, afute roshani kwa kitambaa cha maji chenye sabuni. Asifagie, maana ufagio unalirusha vumbi upya. Kitambaa kitupwe, vidude vya kuchezea vya mtoto vioshwe, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake. Ukienda kliniki ya wajawazito mwambie muuguzi ulichofanya, akushauri kama kuna haja ya kupimwa damu. Mtoto asilale wala kucheza kwenye kitanda hicho kwa sasa. Watoto wa umri wake huguguna mifumbati.

Sasa tuje kwenye kimeza, kwa sababu hicho ndicho kitakachokufundisha habari za vingine vyote.

Rangi yako ya ukutani haikuwa mbovu. Ukuta wa plasta hunywa rangi, nayo ikaingia ikashika. Ubao wenye vanishi umezibwa, unateleza, na juu ya vanishi hiyo kuna miaka ya mafuta ya mikono, losheni, moshi na nta ya kung'arishia. Rangi ya maji ikakaa juu ya uchafu huo kama ngozi ya maziwa inavyokaa juu ya maziwa. Ndiyo sababu ukucha wa mtoto uliibandua. Yale madoa nayo yametoka ndani ya ubao wenyewe. Mvule, kama mahogani, una utomvu wenye rangi, na unyevu wa rangi ya maji huuvuta juu. Ungepaka mikono kumi ya rangi ile ile, madoa yangetokea tena.

Mvule una mambo yake. Maseremala wa zamani watakuambia kuwa ndani yake mna vijiwe vyeupe vigumu vinavyoweza kuvunja meno ya msumeno. Vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo hata hizo mbao ambazo hazijapakwa rangi si zako kuzipiga msasa ukiwa na mimba. Lakini ni mbao ambazo mchwa huzishindwa, na ikisafishwa rangi yake halisi inakaribia asali. Ile nyeusi unayoiona si mvule. Ni vanishi iliyochoka.

Ndiyo maana nakuomba kabla ya kuamua lolote usafishe mlango mmoja wa kabati, tena upande wa ndani. Hii ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe bila hatari. Chukua maji vuguvugu, sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, na kitambaa laini kilichokamuliwa hadi kisidondoke. Futa kufuata nyuzi za ubao, kausha papo hapo, badilisha maji yakiwa meusi, rudia. Nina hakika utashangaa. Kisha mtu mwingine aweke spiriti kidogo kwenye pamba na kuigusisha mahali pasipoonekana, dirisha likiwa wazi. Pamba ikinata na kutoka na rangi ya kahawia, basi ule si vanishi hasa, ni shelaki, mng'aro wa zamani uliopakwa kwa kitambaa. Shelaki inaweza kufufuliwa palepale ilipo, bila kukwangua. Isipoguswa na spiriti ni vanishi, na hiyo italazimu fundi aitoe kwa dawa ya kutolea rangi, asugue kidogo, na apake upya vanishi isiyo na rangi.

Nakushikilia hapa kwa sababu ubao ukipakwa rangi ni taabu kuurudisha. Miaka mingi iliyopita nilipaka rangi ya bluu kiti cha mkono cha mama mkwe, chenye nakshi miguuni. Nilipotaka kukirudisha, sehemu bapa zilisafishika kwa siku moja. Nakshi zilinichukua wikendi tatu na mswaki, na hadi leo ukikiinamia unaona bluu kwenye mikunjo. Ubao uliosafishwa unaweza kuupaka rangi wakati wowote, hata mwaka ujao, hata miaka kumi ijayo. Nakusihi uanze na lile linaloweza kubadilishwa.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ningepanga hivi. Kitanda kipakwe rangi, kwa moyo mweupe kabisa. Tayari kina rangi, hakuna aliyewahi kuuona ubao wake kwa miaka 34, na ile ya kijani inahitaji kuondolewa au kufunikwa vizuri. Vimeza viwili navyo vipakwe, kwa kuwa kimoja umeshakianza na havifai kutofautiana. Kabati na meza ya kioo zisafishwe na kubaki mbao. Kitanda cheupe na kabati la rangi ya asali vitaelewana chumbani kuliko vyote kuwa krimu, na giza litapungua. Ukiweza kuiweka meza ya kioo ukutani mkabala na dirisha, utaona mwanga ukiongezeka bila kutumia hata shilingi.

Fundi wako usimpe nusu Jumamosi. Simtuhumu kwa lolote, ila hajakueleza anachokwenda kufanya. Mwulize: atatoa uchafu na mafuta kwa nini? Atatumia praima gani, yaani rangi ya kwanza ya chini, juu ya mvule? Jibu unalolitaka ni praima ya shelaki au nyingine iliyotengenezwa kuziba madoa. Akikuambia "andakoti ya kawaida inatosha", mshukuru na utafute mwingine. Atafungua bawaba na vishikio, au atapaka juu yake? Anapulizia wapi? Isiwe nyumbani kwako, hata kwa saa moja, hata madirisha yakiwa wazi. Na akuonyeshe kitu alichokipaka mwaka jana, kwa mteja, si kile kinachong'aa mbele ya kibanda chake. Mafundi wa Ngong Road wana mikono hodari na nimewahi kuwatumia, ila wengi hupulizia kando ya barabara, na vumbi la magari hutua kwenye rangi mbichi. Kabla ya kulipa salio, pitisha kiganja juu ya ubao. Kikikwaruza kama ulimi wa paka, arudie.

Kitanda chako akichukue mzimamzima hadi karakana. Rangi ya zamani aitoe kwa dawa ya kupaka na kibanzi, au kwa msasa wa maji, kamwe si mkavu, na asiichome kwa moto. Mwambie waziwazi kwamba huenda ina risasi. Ni mapafu yake pia, na huenda ana watoto anaowarudia jioni na nguo zile zile. Kukipanua hadi futi tano ni kazi ya kawaida: anaongeza ubao katikati ya upande wa kichwani na wa miguuni, anakata chaga mpya ndefu zaidi, na anaweka tendegu la tano katikati ili chaga zisipinde. Hayo yafanyike kabla ya rangi.

Vimeza viwili mtu wa nyumbani anaweza kuvifanya, akiwa nje na barakoa. Ile rangi ya ukutani ibanduliwe yote. Usijidanganye kwamba sehemu iliyoshika itaendelea kushika. Kisha kuosha, kukausha, msasa namba 180 kwa wepesi tu hadi mng'aro ufe, kufuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, praima ya kuziba madoa, na kungoja hadi kesho yake. Madoa yakijitokeza kwenye praima, paka praima tena kwanza. Halafu mikono miwili myembamba ya rangi ngumu ya mbao inayochanganywa na maji, ambayo harufu yake si kali kama ya mafuta. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mnene kila mara. Msimu huu wa baridi ya Nairobi, Julai na Agosti, jua halionekani na rangi hukauka kwa uvivu, kwa hiyo kila mkono upewe muda zaidi ya ulioandikwa kwenye kopo. Na ikikauka bado haijakomaa. Bonyeza ukucha mahali pa siri, chini ya kimeza. Ukiacha alama, usiweke taa wala kikombe juu yake bado. Inaweza kuchukua wiki tatu.

Droo zinazokwama zitoe, ondoa vumbi kwenye njia zake, halafu sugua mshumaa mkavu kwenye kingo zinazogusana. Angalia pia kama kuna vitundu vidogo vya mviringo na unga mwepesi chini yake. Unga ukiwepo, kuna wadudu wanaobungua ubao huo, na fundi atie dawa kabla ya jambo lingine. Vile vidonge vyeupe vitoe vyote leo. Mtoto hudhani ni peremende, na mvuke wake unaweza kuharibu damu ya watoto wachanga waliozaliwa na upungufu fulani ambao si haba katika sehemu zetu za malaria. Futa ndani ya kabati kwa siki iliyochanganywa na maji, acha milango wazi siku kadhaa, weka bakuli la makaa ndani. Harufu itatoka polepole.

Na kabati likishapata mahali pake, lifungwe ukutani kwa vyuma viwili vya pembe na skrubu. Mvule ni mzito, na mwanao yuko katika umri wa kupanda droo kama ngazi.

Nimebakisha swali lako la kwanza kwa sababu ndilo zito.

Haki unayo. Mama alikupa wewe, hakumpa kaka yako, na kitu kilichotolewa ni cha aliyepewa. Lakini nadhani hukuniandikia kwa sababu ya haki. Umeniandikia kwa sababu mama amenyamaza. Kaka yako amesema lililomuuma, kwa ukali, ila amelisema. Yeye utampigia ukiwa na mpango, umwambie kitanda kitapakwa, kabati halitaguswa na rangi, na kama kuna kitu kimoja anachotaka aseme kabla ya mwisho wa mwezi. Huenda anataka kimeza kimoja tu akiweke Eldoret. Ukiweza, mpe.

Mama ni habari nyingine. Yeye aliona picha ya kimeza cheupe kwenye simu, katikati ya salamu za watu wengine, bila kuulizwa. Sidhani amekasirika. Mtu aliyelala kando ya kimeza hicho miaka yote ile, kisha akalala kando yake miaka sita peke yake, hana neno fupi la kuandika kwenye kundi.

Ile hesabu ya penseli nimeisoma mara nyingi tangu nipate barua yako. Nimeijumlisha: shilingi 550, kwa mikupuo mitano. Nami naona si kumbukumbu ya seremala tu. Ni baba yako akinunua kabati kidogo kidogo, mshahara kwa mshahara pengine. Alianza na 150, akatoa 100, akatoa 100. Mara ya nne akapungukiwa, akaleta 80. Mara ya tano akaleta 120, akafidia zile 20 alizokuwa amepunguza. Ndipo fundi akaandika "kwisha" na kupiga mstari. Upande huo usipakwe rangi, usipigwe msasa, wala usioshwe kwa maji, maana penseli hufutika. Unakaa ukutani, haumsumbui mtu. Fundi akikuambia ni bure, mwambie hutaki hata kwa bure.

Upige picha vizuri, mchana, tarakimu zionekane. Usiitume kwenye kundi. Mtumie mama peke yake, halafu umpigie simu jioni akiwa ameshaketi, kabla hujamwambia lolote juu ya rangi. Mwulize mwezi ule wa shilingi 80 ilikuwaje.

Shangazi